Ubongo Ule Ulikuwa wa Nani?

 

Somo nililopewa jioni hii lina pande mbili: ubongo umekaaje, na binadamu aliufahamuje. Desturi ni mhadhiri kuanza na upande wa kwanza, akataja sehemu moja baada ya nyingine mpaka ukumbi usinzie, kisha akamalizia historia mbiombio. Mimi nitachanganya pande hizo, kwa kuwa kila kipande cha ubongo chenye jina kilipewa jina hilo na mtu aliyekuwa ameshika ubongo wa mtu mwingine, au wa mnyama akiudhania wa mtu. Kwa hiyo kila tutakapofika nitauliza swali lilelile: ubongo ule ulikuwa wa nani, na ulifikaje mezani? Wanafunzi wangu wanalijua swali hilo, na baadhi yao wameshalichoka.

Huu wangu ni wa ng'ombe. Uko kwenye sinia hapa mbele; nimeununua alfajiri machinjioni, na waliozoea kuula ukiwa umekaangwa kwa vitunguu waniwie radhi. Kijana aliyelipasua fuvu kwa shoka alifanya kazi safi: utando wa nje umechanika upande mmoja tu.

Tuanze na huo utando. Ubongo umefunikwa mara tatu. Utando wa nje ni mgumu, nikiuvuta hivi haukatiki. Wa kati ni mwembamba mno, unapitisha mwanga. Wa ndani umegandamana na ubongo wenyewe na kuufuata katika kila mfereji, hata kuubandua kwa kibano ni kazi. Baina ya huu wa kati na wa ndani hupita maji safi yasiyo na rangi, yanayouzunguka ubongo wote na kushuka kando ya ugwe mgongo hadi kiunoni. Tando hizi zikishambuliwa na vijidudu ndiyo homa ya uti wa mgongo, na ndiyo sababu daktari humchoma mgonjwa sindano kiunoni ili ajue kinachoendelea kichwani: maji ni yaleyale. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji hayo, lakini mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku, kwa hiyo hubadilishwa mara tatu au zaidi kwa saa 24. Yanatoka wapi na yanapita njia gani, tutaona mwishoni tukifika Mbale, Uganda.

Tando zikishatoka, tunabaki na kitu laini kama maziwa mgando. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Ulaini huu muukumbuke, maana ndio uliochelewesha elimu yote ninayowaeleza.

Sehemu hii kubwa yenye mikunjo ni ubongo mkubwa. Umegawanyika nusu mbili, ya kulia na ya kushoto, na kwa ndani zimeunganishwa na daraja la nyuzi nyeupe. Wote huu wa ng'ombe haufiki nusu kilo. Wa mtu mzima ni kama kilo 1.3 au 1.4, yaani asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili, nao hula karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Nikikata hapa mnaona ukingo wa kijivu wenye unene wa milimita chache, na chini yake weupe. Kwenye kijivu ndiko iliko miili ya seli. Weupe ni nyuzi zinazobeba habari, nazo zimevishwa mafuta. Ukingo huo wa kijivu, gamba la ubongo, kwa binadamu ukinyooshwa ungetoa mraba wenye upande wa karibu nusu mita. Theluthi mbili zake zimefichwa ndani ya mifereji. Bila mikunjo, fuvu la kuutosha lisingepita kwenye nyonga ya mama yeyote. Huku nyuma, kwenye kisogo, kuna ubongo mdogo wenye mistari ya karibukaribu. Huu huratibu mwendo na kuuweka mwili sawa; mlevi anayepepesuka barabarani, ubongo wake mdogo ni mmoja wa walioleweshwa. Na hapa chini ni shina la ubongo, nene kidogo kuliko kidole gumba changu. Kupumua kunaamriwa humo.

Ndani ya shina hilo nyuzi nyingi zinazopeleka amri za kusogeza mwili huvuka: za kulia huenda kushoto, na za kushoto huenda kulia. Ndiyo maana mzee aliyepooza upande wa kulia baada ya kiharusi mara nyingi amepoteza na maneno pia. Jeraha liko nusu ya kushoto ya ubongo, na huko ndiko lugha ilikokaa kwa watu walio wengi.

Maandishi ya kale kuliko yote tunayoyajua yanayoutaja ubongo yametoka Misri. Ni karatasi ya mafunjo ambayo Mmarekani Edwin Smith aliinunua Luxor mwaka 1862. Ilinakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo kutoka kwenye maandishi ya zamani zaidi, na inaeleza majeruhi 48, mmoja mmoja, kuanzia kichwani kushuka chini. Mganga aliyeandika aliona fuvu lililopasuka, akatia vidole jerahani akahisi kitu kikipwita, akaona mikunjo, akaifananisha na ile inayojitokeza juu ya shaba iliyoyeyushwa. Huyo alikuwa ameangalia kwa macho yake, si kusimuliwa. Majeruhi wenyewe hawakutajwa majina. Na Misri hiyohiyo, maiti ya mkubwa ilipotayarishwa kwa maziko, moyo ulitunzwa kwa heshima, ubongo ukavutwa kwa ndoano kupitia puani na kutupwa.

Ugomvi wa moyo na ubongo uliendelea kwa Wayunani. Maandishi ya wafuasi wa Hippocrates yalishikilia kwamba furaha, huzuni na wazimu vinatoka kwenye ubongo, na kwamba kifafa ni ugonjwa kama magonjwa mengine, hakina utakatifu wowote. Aristotle akakataa: kwake akili imo moyoni, na ubongo kazi yake ni kuupoza mwili. Msimcheke. Moyo ukishtuka unausikia. Ubongo ukifanya kazi husikii kitu.

Kisha, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, Aleksandria ya Misri ilifungua mlango ambao haukufunguliwa tena kwa zaidi ya miaka 1,500: wafalme wake waliruhusu watu kupasuliwa kwa ajili ya elimu. Herophilus na Erasistratus walizitofautisha neva na kano, wakautenga ubongo mkubwa na ubongo mdogo, wakaeleza vyumba vilivyomo ndani ya ubongo na yale maji. Miili ilitoka wapi? Mwandishi wa Kirumi, Celsus, anasema wafungwa walitolewa gerezani na kupasuliwa wakiwa hai. Wapo wanahistoria wanaolitilia shaka hilo, wapo wanaoliamini. Mimi naona lisirukwe.

Galen, aliyezaliwa Pergamon mwaka 129 baada ya Kristo na kuanza kazi kwa kuwatibu wapiganaji wa viwanjani, hakuwa na ruhusa hiyo. Akapasua nyani, nguruwe na ng'ombe. Mbele ya umati alizifunga kwa uzi neva za shingoni za nguruwe aliyekuwa akipiga kelele, na nguruwe akanyamaza papo hapo. Hapo ndipo moyo ulipopigwa pigo kubwa: sauti inaamriwa kutoka kichwani. Lakini kwa ng'ombe Galen alipotea. Chini ya ubongo wa mnyama huyu, juu ya sakafu ya fuvu, kuna wavu wa mishipa midogo ya damu, mzuri wa kutazama. Katika sinia langu hamtauona, kwa sababu hubaki kwenye fuvu mchinjaji anapotoa ubongo. Galen alifundisha kwamba katika wavu huo ndimo damu inamogeuzwa kuwa pumzi ya akili. Binadamu hana wavu huo. Kwa miaka 1,300 waganga wa Ulaya na wa ulimwengu wa Kiislamu walisoma kichwa cha binadamu kupitia kichwa cha ng'ombe.

Katika karne hizo, fundisho lililotawala liliiweka akili ndani ya vyumba vya ubongo, si katika nyama yake. Hisi na taswira zilipewa chumba cha mbele, fikra cha kati, kumbukumbu cha nyuma. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliupanga mfumo huo vizuri kuliko wote waliomtangulia, na kitabu chake cha Qanun kilipotafsiriwa kwa Kilatini kikawa kitabu cha kiada katika vyuo vya Ulaya kwa karne kadhaa. Kiutabibu mpangilio huo haukuwa wa kipuuzi. Waganga walijua kwamba mgonjwa mmoja huona vitu visivyokuwepo huku anafikiri sawasawa, na mwingine hupoteza kumbukumbu bila kupoteza akili; kwa hiyo lazima kazi hizo ziwe mahali mbalimbali. Wazo la kazi mbalimbali kukaa mahali mbalimbali lilikuwa sahihi. Mahali ndipo walipokosea.

Kwa nini wasiangalie tu? Nimesema ulaini muukumbuke. Mondino de Luzzi wa Bologna, aliyeandika mwongozo wake wa upasuaji wa maiti mwaka 1316, aliagiza kuanza na tumbo, kwa kuwa ndilo huoza kwanza, kisha kifua, kisha kichwa, mwisho mikono na miguu. Hapakuwa na jokofu wala formalini. Kisu kilipofika kichwani siku kadhaa zilikuwa zimepita, na ubongo ulikuwa unamwagika. Mwaka 1543 Vesalius, akiwa na miaka 28, alichapisha Basel kitabu kikubwa chenye michoro ya ubongo uliokatwa tabaka kwa tabaka, akatangaza kwamba ule wavu wa Galen haupo kwa binadamu. Alikiri pia kwamba zamani, alipokuwa akifundisha mbele ya watu, alikuwa akiweka karibu kichwa cha kondoo au ng'ombe ili awaonyeshe wavu ambao maiti ya mtu ilikataa kuutoa. Maiti zake nyingi zilikuwa za watu walionyongwa.

Na walionyongwa ndio walionifikisha kwa Thomas Willis, ambaye kwangu ndiye baba wa somo hili. Tarehe 14 Desemba 1650, huko Oxford, alinyongwa mtumishi wa ndani aitwaye Anne Greene, binti wa miaka 22 hivi. Alishtakiwa kwa kumuua mtoto wake mchanga. Yeye alisema mtoto alitoka kabla ya wakati, tayari amekufa. Alining'inia karibu nusu saa, rafiki zake wakimvuta miguu ili asiteseke. Kwa sheria ya pale, walimu wa anatomia walikuwa na haki ya kuchukua maiti za walionyongwa karibu na mji, na jeneza lake likapelekwa nyumbani kwa William Petty, aliyekuwa akifanya kazi na Willis. Walipolifungua wakasikia anapumua. Kisu kikawekwa chini. Wakamtia kinywaji cha moto mdomoni, wakamsugua mikono na miguu, wakamlaza kitandani pamoja na mwanamke mwingine ampashe joto. Baada ya siku chache alikuwa anaongea na kula. Alisamehewa, akaolewa, akazaa watoto. Angechelewa kidogo kuvuta pumzi ile, jina lake lingepotea na ubongo wake ungekuwa mchoro.

Willis alibadilisha mambo mawili ya mkono, na hayo mawili yakabadilisha yote. Kwanza, badala ya kuukata ubongo kutoka juu ukiwa bado ndani ya fuvu, alikata neva na mishipa kwa chini akautoa mzima, akaugeuza. Pili, aliutia kwenye pombe kali, ukakaza. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuutazama ubongo polepole. Kitabu chake cha mwaka 1664, kilichochorwa na Christopher Wren, yule atakayejenga kanisa kuu la St Paul's, kinaonyesha sakafu ya ubongo na duara la ateri ambalo hadi leo madaktari huliita kwa jina la Willis. Ateri nne zinapanda kutoka shingoni na kuungana katika duara hilo, ili moja ikiziba nyingine ziweze kusaidia. Kiharusi huja pale msaada huo unapokuwa hautoshi, au mshipa unapoziba mbele ya duara, au unapopasuka. Willis akaihamisha akili kutoka vyumbani kwenda kwenye nyama: kumbukumbu katika mikunjo ya ubongo mkubwa, na mienendo isiyo ya hiari chini na nyuma.

Mwaka uliofuata, 1665, Mdenmarki Niels Steensen alitoa mhadhara Paris kama huu wangu, ila yeye alianza kwa kuwaambia waliohudhuria kwamba kuhusu ubongo hajui lolote. Kisha akawaonyesha, hatua kwa hatua, kwamba mwanafalsafa Descartes naye hakujua, na kwamba ile tezi ndogo ambayo Descartes aliifanya kiti cha roho haiwezi hata kusogea kama alivyodai. Ushauri wake ulikuwa kwamba waache kukata vipande na wafuate nyuzi, waone kila uzi unatoka wapi na unakwenda wapi. Ilichukua zaidi ya miaka 200 kupata chombo cha kufanyia hivyo.

Kabla ya chombo hicho alikuja mgonjwa. Louis Victor Leborgne alilazwa kwa miaka 21 katika hospitali ya Bicêtre, nje ya Paris, na katika miaka hiyo yote alitamka silabi moja, "tan", na akikasirika sana, tusi moja. Alielewa alichoambiwa. Mwezi Aprili 1861 aliletwa kwa mpasuaji Paul Broca kwa sababu mguu wake wa kulia uliopooza ulikuwa umeoza. Siku sita baadaye akafariki. Broca alikuta jeraha sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto, na alipokusanya wagonjwa wengine wa namna hiyo akasema wazi kwamba tunaongea kwa nusu ya kushoto. Jambo la busara kuliko yote alilofanya ni kukataa kuukata ubongo ule. Aliuhifadhi mzima kwenye chupa, na wanasayansi wa enzi yetu wameupiga picha kwa mashine na kukuta jeraha limezama ndani kuliko Broca alivyoweza kuona.

Ila Broca alikuwa na shughuli nyingine. Alikuwa mwanzilishi wa chama cha anthropolojia cha Paris, na alipima mafuvu na bongo akiamini kwamba uzito ni kipimo cha akili ya jinsi na ya rangi. Hapa nitakaa kidogo, maana huu ndio upande wa historia uliotufika sisi.

Mizani ilikuwa inawaaibisha wapimaji tangu mwanzo. Ubongo wa mwandishi wa Kirusi Turgenev ulipita kilo 2. Wa Mfaransa Anatole France, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi, ulikuwa gramu 1,017. Wa Einstein, ambao daktari wa Princeton aliutoa mwaka 1955 bila idhini ya familia na kuukata vipande takriban 240, ulikuwa gramu 1,230, pungufu ya wastani. Hata hivyo, turudi nyuma kidogo, mwaka 1934 F. W. Vint, daktari wa maabara ya serikali jijini Nairobi, alichapisha katika jarida la anatomia la Uingereza makala kuhusu ubongo wa mwenyeji wa Kenya. Alikuwa amepima bongo za Waafrika waliofariki, akazilinganisha na takwimu za Ulaya, akatangaza kwamba ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 na gamba lake ni jembamba zaidi. Mwenzake H. L. Gordon alizichukua namba hizo hadi London kuuliza kama kuna faida ya kumsomesha Mwafrika. Mwaka 1953 J. C. Carothers, aliyekuwa ameongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliandika katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba Mwafrika anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata aliandika, kwa niaba ya serikali ya kikoloni, maelezo ya kisaikolojia ya Mau Mau. Watu wanadai ardhi, daktari anawatazama paji la uso.

Adeoye Lambo wa Nigeria, daktari wa akili, aliukataa utafiti wa namna hiyo mapema, na Frantz Fanon akamshughulikia Carothers katika kitabu chake cha mwisho. Lakini jibu la kimaabara ninalolipenda ni la Phillip Tobias, mwanaanatomia wa Johannesburg, yuleyule aliyelichambua fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959. Mwaka 1970 Tobias hakupiga kelele. Aliuliza kupima ubongo maana yake nini. Ulipimwa saa ngapi baada ya kifo? Maana ubongo wa maiti hubadilika uzito. Ulipimwa na tando zake au bila tando? Maji yalimwagwa? Shina lilikatwa wapi, juu au chini? Marehemu alikuwa na urefu gani, umri gani, mwanamume au mwanamke? Utotoni alikula nini? Alikufa kwa ugonjwa gani, ghafla au baada ya miezi kitandani? Kila moja ya hayo husogeza mshale wa mizani, na karibu hakuna utafiti wa kulinganisha rangi za watu uliokuwa umeyadhibiti. Nawaomba wanafunzi mfanye hivi: mjaribu kukata shina la ubongo wa ng'ombe sentimita mbili juu zaidi, kisha mpime tena.

Chombo alichokitaka Steensen kilipatikana mwaka 1873 huko Abbiategrasso, Italia, ambako Camillo Golgi alikuwa daktari wa hospitali ya wasiopona. Alilowesha vipande vya ubongo katika chumvi ya kromu kisha katika nitrati ya fedha, na chini ya hadubini seli chache, chache tu, zikajitokeza nyeusi tii na matawi yake yote. Kama zingepakwa rangi zote, pangeonekana giza. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliichukua njia hiyo na kuitumia kwa ndege na wanyama wachanga, ambao nyuzi zao hazijavishwa mafuta, na mwaka 1888 akatangaza kwamba kila seli inajitegemea: matawi yanakaribiana, hayaungani. Golgi aliamini ni wavu mmoja usiokatika. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1906, na katika hotuba yake ya kupokea tuzo Golgi alimpinga mwenzake aliyekuwa ameketi palepale. Hadubini ya elektroni ilimaliza kesi katika miaka ya 1950: pengo lipo, na Cajal alikuwa sahihi.

Ubongo wa Henry Molaison mnaujua, wanafunzi, basi nitapita haraka. Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, mpasuaji alimtoa sehemu za ndani pembeni mwa ubongo, pande zote mbili, ili kutuliza kifafa. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza kuweka kumbukumbu mpya. Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, ilimbidi ajitambulishe upya kila alipoingia. Ila mkono wa Molaison ulijifunza. Akipewa kuchora nyota akiitazama kwenye kioo, alizidi kuimudu siku hadi siku, huku akiapa hajawahi kuifanya. Kwa hiyo kumbukumbu si kitu kimoja, na mlango wa mojawapo ni kiungo kidogo kilichokuwa katika sehemu alizotolewa, kiitwacho hipokampasi.

Idadi ya seli tumeipata juzijuzi tu. Vitabu viliandika bilioni 100 bila mtu kuonyesha nani alizihesabu. Mbrazili Suzana Herculano-Houzel na wenzake waliuyeyusha ubongo mpaka zikabaki kokwa za seli zikielea kwenye maji, wakahesabu sampuli, na mwaka 2009 wakatoa jibu: seli za neva bilioni 86. Takriban bilioni 69 zimo kwenye ubongo mdogo, bilioni 16 tu kwenye gamba. Kisha wakampima tembo wa Afrika. Ana seli za neva bilioni 257, mara tatu ya zetu, ila karibu zote ziko kwenye ubongo mdogo. Gamba lake lina kama bilioni 5.6, ingawa ubongo wake una uzito wa zaidi ya mara tatu ya wetu. Wapimaji wa Nairobi wangempa tembo uprofesa.

Mmoja wa waliotuwezesha kuutazama ubongo bila kumsubiri mtu afe ni Mwafrika Kusini, Allan Cormack. Mwaka 1956, alipokuwa akisaidia kwa muda hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, alianza kupiga hesabu za kuunganisha eksirei za pembe nyingi kuwa picha moja. Alizichapisha mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyejali. Mwingereza Godfrey Hounsfield alifika hapohapo kwa njia yake, na Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya namna hiyo London. Waligawana Nobel ya mwaka 1979.

Sasa Mbale, mashariki mwa Uganda, na yale maji. Hutengenezwa ndani ya vyumba vya ubongo, vilevile alivyovieleza Herophilus, na vishada vya mishipa vilivyomo humo. Kutoka vyumba viwili vya pembeni hushuka hadi cha tatu, hupita mfereji mwembamba hadi cha nne, ndipo hutoka nje kuuzunguka ubongo. Mfereji ukiziba, maji hujaa, na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijashikana, kichwa hukua. Dawa ya miaka mingi ilikuwa mrija wa kuyapeleka maji tumboni. Mrija huziba, huingia vijidudu, na mtoto aliye mbali na mpasuaji huweza kufa katika siku chache. Mmarekani Benjamin Warf, aliyefika hospitali ya watoto ya CURE mwaka 2000, aligundua kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliomjia waliugua baada ya maambukizi ya miezi ya mwanzo ya maisha. Akajaribu njia isiyoacha kitu mwilini. Kamera nyembamba hupitishwa kwenye utosi, ambako mfupa bado haujafunga, hadi chumba cha tatu. Sakafu yake hutobolewa ili maji yapate njia mpya. Kisha vile vishada huchomwa ili vipunguze kutengeneza. Daktari Mganda John Mugamba akawa miongoni mwa walioiendeleza kazi hiyo, na upasuaji uliozaliwa Mbale ukapelekwa kufundishwa Boston. Utafiti wa watoto 100 uliofanyika hukohuko Uganda na kuchapishwa mwaka 2017 ulilinganisha njia hiyo na mrija: baada ya mwaka mmoja, maendeleo ya akili ya makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha maana.

Hayo yote yanategemea mtoto afike mapema. Muuguzi wa kliniki akizungusha utepe kichwani mwa mwanao, mwombe aandike namba hiyo kwenye kadi, na mwezi unaofuata uilinganishe. Kichwa kikikua kwa kasi isiyo ya kawaida, utosi ukavimba na kukaza mtoto akiwa ametulia, au macho yakawa yanaelekea chini hata weupe unaonekana juu ya mboni, usisubiri tarehe ya kliniki ijayo. Mpeleke siku hiyohiyo.